Mradi wa tovuti ya muziki: wazo litoke wapi?

Swali: “Niko mwaka wa pili wa diploma ya teknolojia ya habari hapa Arua. Muhula huu kila mmoja wetu anatakiwa kutengeneza tovuti ya muziki kwa wiki sita. Nilipeleka wazo la tovuti ya kusikiliza na kupakua nyimbo za wasanii wa Uganda, mwalimu akalikataa. Alisema ni pana mno, na nusu ya darasa wameleta hilohilo. Tangu hapo sipati wazo jingine. HTML na CSS nazimudu vizuri, JavaScript na PHP kidogo. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na intaneti nanunua bando. Nitoe wapi wazo jipya? Na je, nikiweka nyimbo za watu kwa ajili ya masomo tu, kuna tatizo la kisheria?”

Jibu:

Pole kwa kurudishiwa kazi, lakini mwalimu wako amekuokoa na wiki sita za mateso. Kichwa chako hakijakauka. Ukianza kwa kujiuliza tovuti ya muziki huwa na nini, jibu ni lilelile kwa kila mtu: orodha ya wasanii, kitufe cha kusikiliza, kitufe cha kupakua. Ndiyo maana darasa zima mmekutana kwenye mlango mmoja. Jiulize hivi badala yake: ni nani hapa Arua anayeshughulika na muziki wiki hii, na ni kitu gani kinamkwamisha ambacho ukurasa wa intaneti unaweza kukirahisisha? Mwalimu wa kwaya, kijana anayejifunza adungu (ala ya nyuzi ya Waalur), kiongozi wa kikundi cha ngoma kinachoalikwa harusini, mwalimu wa shule anayefundisha ala za asili bila kuwa nazo. Kila mmoja wao anazaa tovuti tofauti kabisa.

Nitangulize jibu la swali lako la pili, kwa sababu sheria itafuta mawazo kadhaa kabla hujayapenda. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006. Wimbo mmoja uliorekodiwa huwa na haki za watu kadhaa kwa wakati mmoja: aliyetunga maneno na sauti, walioimba na kupiga ala, na aliyegharamia kurekodi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Philly Lutaaya alifariki mwaka 1989, na nyimbo zake zinalindwa hadi leo. Ni kweli sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa kufundishia, kama kumsikilizisha mwalimu kipande kifupi darasani ili kueleza jambo huku ukimtaja mwenye kazi. Lakini ukiuweka wimbo mzima kwenye seva ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuufungua na kuupakua, umeuchapisha, na maneno “kwa ajili ya masomo tu” chini ya ukurasa hayabadilishi kitu. Kumtaja msanii ni adabu nzuri, ila haisimami mahali pa ruhusa. Wengi pia hudhani kwamba wakiuimba wimbo wenyewe wameepuka. Wameepuka haki ya rekodi, haki ya mtunzi iko palepale. Maneno ya wimbo nayo yanalindwa kama maandishi mengine.

Kinachobaki huru ni kingi. Taarifa hazina mwenyewe: kwamba Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, unaweza kuliandika popote. Muziki unaourekodi mwenyewe kwa ruhusa ya wapigaji ni wako kuutumia kadiri walivyokubali. Nyimbo za jadi zisizojulikana mtunzi zinafaa sana, ila waliokupigia wana haki juu ya upigaji wao, na wazee wa jamii husika wana neno la kusema, hasa kwa nyimbo za ibada na mazishi ambazo si kila mtu anapaswa kuzisikia nje ya shughuli yake. Andika karatasi moja ya ruhusa kwa lugha wanayoielewa: jina la kikundi, tarehe, kazi zilizorekodiwa, itawekwa wapi, watu wanaruhusiwa kupakua au kusikiliza tu, na namna ya kukuomba uiondoe. Watie sahihi wao na wewe, nakala mbili.

Jambo jingine linalopotosha ni ukubwa. Wanafunzi huamini tovuti yenye nyimbo mia mbili itapata alama kuliko yenye kumi. Piga hesabu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika. Nyimbo 200 za dakika nne ni karibu MB 800, na wewe ndiye utakayezipakia kwa bando lako, tena zaidi ya mara moja kwa sababu utakosea. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni ambayo ni bure na inakufaa kama tovuti haihitaji PHP, huweka mpaka wa GB 1 kwa tovuti nzima. Na msikilizaji naye analipia data. Sauti ya mtu mmoja au ala moja ukiitoa kwa mono (njia moja ya sauti badala ya mbili), kilobiti 64 kwa sekunde, inasikika vizuri kwenye simu na inakula nusu ya hapo. Kwa hiyo panga tovuti ya rekodi kumi hadi kumi na tano, kila moja chini ya dakika moja.

Sasa mawazo yenyewe. Nitakaa zaidi kwenye mawili ninayoona yanakufaa ukiwa hapo ulipo.

La kwanza ni ukurasa wa mazoezi ya kwaya. Kwaya nyingi za makanisa na shule zetu hujifunza kwa do re mi, na shida yao kubwa inajulikana: mwimbaji wa besi akikosa mazoezi ya Alhamisi, Jumapili anafuata sauti ya jirani yake. Tengeneza ukurasa wa wimbo mmoja wenye sauti nne, soprano, alto, tenor na besi, kila moja na kidhibiti chake cha sauti. Mtu wa besi anapandisha besi, anashusha nyingine, anaimba nazo nyumbani. Noti za do re mi zipange kwa CSS grid, kila pigo safu yake, ili herufi za sauti nne zisimame wima sawasawa. Ukizipanga kwa nafasi za kibodi zitavurugika kwenye simu.

Hapa kuna mtego. Ukitumia vipengele vinne vya audio vya HTML na kuvianzisha kwa pamoja, havitaanza pamoja. Kila kimoja kinasubiri data yake, na tofauti ya hata sehemu ndogo ya sekunde inafanya kwaya isikike kama inaimba pangoni. Pakia faili zote nne kwenye kumbukumbu kwanza kwa kutumia AudioContext, sehemu ya JavaScript inayosimamia sauti, zifungue, kisha ziamuru zote zianze kwa saa moja, kwa mfano sasa jumlisha sekunde 0.1. Hapo zitakwenda pamoja hadi mwisho. Lakini sauti iliyofunguliwa inavimba: mono ya dakika tatu kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kipimo baiti nne, ni karibu MB 32. Mara nne ni MB 127, na simu ya bei nafuu itaufunga ukurasa wako bila kusema neno. Ukikata wimbo kwa beti za sekunde 40, kila sauti ni MB 7 ikifunguliwa, na faili zote nne za MP3 hazifiki MB 1.5 kupakua. Mwimbaji anachagua ubeti, unafungua huo tu.

Kurekodi hakuhitaji studio. Chumba chenye mapazia na magodoro, simu iwe umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni, mwimbaji avae spika za masikioni asikie mapigo ya kuhesabu mwendo. Anzeni kila rekodi kwa makofi matatu katika mapigo hayo. Makofi ndiyo utakayoyalinganisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kabla ya kuyakata. Zitoe rekodi zote nne kwa programu ileile na mipangilio ileile, kwa sababu MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, na huo ukiwa sawa kwa zote hauna madhara. Kuhusu haki, chagua wimbo alioutunga mwalimu wa kwaya mwenyewe na akakuandikia ruhusa. Tenzi za zamani sana nazo zinaweza kukufaa, ila angalia: mtunzi anaweza kuwa amefariki zamani huku mtafsiri wake akiwa bado analindwa.

Wazo la pili ni ukurasa wa kupanga nyuzi za adungu. Uko West Nile, nyumbani kwa ala hii ya Waalur, na imeenea makanisani na mashuleni. Nyuzi zake hulegea kwa joto na unyevu, na anayejifunza hana sikio la mwalimu wake kila jioni. Programu za simu za kupanga gitaa hazimsaidii sana, maana zinasubiri noti za gitaa. Wewe tengeneza ukurasa unaosikiliza kwa maikrofoni na kumwambia: uzi huu uko chini, kaza kidogo.

Wanaoanza hutumia AnalyserNode, kipengele cha AudioContext kinachochambua sauti, wakatafuta masafa (kasi ya mitetemo) yenye nguvu kuliko yote na kusema ndiyo noti. Hili huharibika kwa sababu mbili. Kwa vipimo 2,048 vya sauti iliyonaswa kwa 44,100 kwa sekunde, masafa yanagawanywa katika visanduku vyenye upana wa hezi 21.5 (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Do ya chini (hezi 131) na nusu noti inayoifuata (hezi 139) zinaangukia kisanduku kimoja, kwa hiyo ukurasa hauwezi kuzitofautisha hata ungeandika msimbo vizuri namna gani. Pili, uzi ukichunwa, mlio wake wa oktava ya juu unaweza kuwa na nguvu kuliko mlio wa msingi, ukurasa ukakosea oktava nzima.

Njia inayofanya kazi ni kulinganisha wimbi na nakala yake. Chukua vipimo hivyo 2,048 vya sauti ghafi, sogeza nakala kipimo kimoja kimoja, na kila mara pima zinavyofanana. Pale zinapolingana tena kwa nguvu kwa mara ya kwanza, umepata urefu wa wimbi moja. Gawanya 44,100 kwa idadi ya vipimo ulivyosogeza: 337 inakupa hezi 130.9, na 336 inakupa 131.25. Tofauti hiyo ni kama sehemu tano tu kati ya mia za nusu noti, inatosha kabisa kwa kazi hii. Simu nyingi hunasa kwa 48,000, basi soma sampleRate (idadi ya vipimo kwa sekunde) ya kifaa chenyewe, usiandike 44,100 kwa mkono. Chukua kilele cha kwanza chenye nguvu, usichukue kilele kikubwa kuliko vyote popote kilipo, maana cha pili kinaweza kukizidi kidogo na kukupeleka oktava ya chini. Weka pia kiwango cha chini cha sauti, la sivyo mshale utacheza kwa kelele za boda barabarani.

Unapoomba maikrofoni, zima vitu vitatu: echoCancellation, noiseSuppression na autoGainControl. Vimetengenezwa kwa mazungumzo ya simu na huuchukulia mlio mrefu wa uzi kuwa kelele ya kufutwa. Na jua kwamba kivinjari hutoa maikrofoni kwa anwani ya https au localhost. Ukijaribu kwenye simu kwa kufungua anwani ya laptopu yako inayoanza na http na namba 192.168, kitakataa, utahangaika usiku kucha ukidhani msimbo ndio mbovu. Iweke kwenye GitHub Pages mapema, pale https ipo tayari.

Jambo moja la heshima kwa ala: usilazimishe adungu ya kila mtu ifuate noti za piano. Weka kitufe cha “hifadhi noti hii”, mwalimu achune uzi mmoja baada ya mwingine kwenye ala yake aliyoipanga kwa sikio, ukurasa ukumbuke hezi zake kwenye localStorage (hifadhi ya kivinjari), na mwanafunzi apange yake kufuata hiyo. Kipengele hicho kimoja kinatosha kuutofautisha mradi wako na wa wenzako wote.

Ukipenda kitu cha kucheza nacho zaidi, kuna amadinda ya Buganda, marimba ya vipande 12 inayopigwa na watu watatu. Wawili wanapishana, pigo la huyu linaingia katikati ya mapigo ya yule, na sikio linasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Wa tatu hushika vipande viwili vya juu. Ukurasa unaomruhusu msikilizaji kumzima mpigaji mmoja, kupunguza mwendo na kumrudisha, unaeleza jambo ambalo maandishi hayawezi. Oktava imegawanywa karibu sawa kwa tano, kwa hiyo unaweza kutengeneza milio mwenyewe: anza na hezi 200, zidisha kwa 1.1487 kila hatua, upate takriban 230, 264, 303, 348, kisha 400. Waambie wasomaji kwamba mafundi hupanga kwa sikio na kila marimba ina tofauti zake ndogo. Usiendeshe mapigo kwa setInterval, saa ya kawaida ya JavaScript, inachelewa kidogo kidogo na mapishano yanavunjika. Panga mapigo ya mbele kwa saa ya AudioContext.

Ramani ya ala za asili ni wazo zuri lenye gharama ya nauli. Muziki wa bigwala (tarumbeta za vibuyu) wa Busoga uliingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na muziki wa kinubi cha bakuli cha Wamadi, majirani zako wa Moyo na Adjumani, ukafuata mwaka 2016. Pointi tano zenye sauti, picha na jina la mpigaji aliyekubali kutajwa zinatosha. Makerere wanazo nakala za rekodi alizofanya Klaus Wachsmann nchini kati ya 1949 na 1954. Kuruhusiwa kuzisikiliza hapo hakumaanishi kuruhusiwa kuzipakia kwenye tovuti yako, uliza mambo hayo mawili kando kando.

Na kama moyo wako uko kwenye PHP, tengeneza tovuti ya kuweka miadi na vikundi vya ngoma na bendi za harusi. Kiini chake ni kuzuia kikundi kimoja kisichukuliwe na watu wawili siku moja. Usitegemee PHP iangalie kwanza kisha iandike, kwa sababu watu wawili wanaweza kuangalia kwa wakati mmoja. Weka UNIQUE (sharti la kutorudiwa) juu ya kikundi na tarehe kwenye hifadhidata yenyewe. Kumbuka kwamba namba za simu za watu ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, basi zikusanywe kwa ridhaa na zisionekane kwa kila apitaye.

Ukiniuliza nichague, kwa JavaScript kidogo uliyo nayo ningekuelekeza kwenye kwaya. Msimbo wake haufiki mistari mia mbili na watumiaji wako Jumapili ijayo. Adungu ina heshima zaidi mbele ya wasahihishaji, lakini kazi ya kulinganisha mawimbi itakula wiki mbili nzima, na ukikwama hapo huna cha kuonyesha. Lipime lolote utakaloliwaza kwa mambo matatu: unaweza kulieleza kwa sentensi moja inayomtaja mtu na shida yake, unaweza kupata rekodi zake halali ndani ya siku saba, unaweza kuwakalisha watu watatu wa aina hiyo mbele ya simu kabla ya wiki ya nne. Likianguka kwa moja, lipunguze au liache.

Makosa yatakayokupata yoyote utakayochagua ni haya. Faili iitwayo Besi.MP3 itacheza kwenye Windows hata ukiiita besi.mp3, halafu itanyamaza kwenye seva ya Linux, ambako herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi. Vivinjari haviruhusu sauti ianze kabla mtu hajagusa ukurasa, kwa hiyo AudioContext iamshwe ndani ya kitufe. Weka preload="none" kwenye kila kipengele cha audio ili ukurasa usimalize bando la mtu ambaye hajagusa chochote. Hifadhi kurasa kwa UTF-8, hasa ukiandika majina yenye ŋ. Na MP3 inachezwa na karibu kila simu, usihangaike na miundo mingine.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukumalizia. Kama unataka kutumia wimbo wowote uliotoka sokoni, nenda kwanza kwa chama cha haki za wanamuziki, UPRS, au kwenye ofisi ya usajili ya URSB inayosimamia hakimiliki, uulize ukiwa na jina la wimbo mkononi. Kwa nyimbo za jadi, mwone kiongozi wa kikundi ana kwa ana, usimtumie ujumbe tu. Na kabla ya kuandika msimbo, mpelekee mwalimu wako ukurasa mmoja: sentensi ya wazo, jina la kwaya au kikundi kilichokubali, nakala ya ruhusa, na rekodi moja ya sekunde 40 inayocheza kwenye simu yako. Akikubali hapo, mwombe aandike tarehe na kutia sahihi kwenye karatasi hiyo, kisha uanze na ubeti wa kwanza.